Mtu wa Kusimama Nyuma Yangu

Mdogo wangu wa tumbo moja alinikana. Alinikana asubuhi kweupe, kwenye ukumbi wa mazoezi, mbele ya wanawake waliokaa duara juu ya magodoro membamba, na mimi nimesimama mlangoni na mfuko wangu wa plastiki mkononi. Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakiniona leo na mkono usiopanda hudhani nilianguka. Sikuanguka.

Mimi ni mpiga pasi. Sikusoma. Zamu yangu ya kwenda shule ilifika mama ameshafariki, na Kitinda, huyo mdogo wangu, hajaota hata jino. Nilimbeba mgongoni na mimi mwenyewe mtoto, na nilipopata nguvu za kuinua pasi ya mkaa, nikaishika. Meza yangu ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, blanketi kuukuu limetandikwa juu yake, ndoo ya maji upande huu, gunia la mkaa upande ule. Mashati ya walimu, sare za wauguzi, suti za maharusi, yote yalipita mikononi mwangu. Kitinda alisomea kwenye moshi ule. Sisemi nisifiwe. Nasema ijulikane bega hili lilikwisha vipi.

Bega la kulia lilianza kwa kuuma, likaishia kugoma. Kitinda akanipigia simu akasema, Dada, funga hiyo meza, njoo ukae kwangu upumzike. Alikuwa na kazi nzuri ya ofisini kwenye mji ambao sikuwahi kuufika. Meza nikamwachia jirani. Pasi nikaizungushia taulo nikaja nayo, maana sikuwa nimekuja kustaafu. Nilikuja kupona, nirudi kazini.

Alinipa chumba cha nyuma, jikoni pale pale, dirisha linatazama ukuta. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja ya tatu, jembe nililitafuta mwenyewe: nilifagia, nilipika, nguo zake nikazinyoosha kwa mkono wa kushoto. Mtu akiwa kwa mdogo wake hahesabu.

Akanipeleka hospitali kwa daktari wa viungo. Daktari aliuzungusha mkono wangu kama mtu anayejaribu mlango, akasema mfupa mzima, ila kiungo kimeshika kutu kama bawaba. Nitafute ukumbi wa mazoezi, ninyanyue vitu vyepesi, kuwe na mtu nyuma yangu wa kunishikia kiwiko, taratibu mpaka vidole viguse sikio. Nikamuuliza, na pasi je? Akasema pasi niiache kabisa mpaka siku hiyo ya sikio. Nikiushurutisha mkono kabla, bawaba itajifunga na hataweza kuifungua. Kitinda alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Alisikia yote.

Kwa kuwa nilikuwa namwona akitoka asubuhi na begi na viatu vya mazoezi, nilimuuliza anakwenda wapi, twende wote. Akasema kwake kumejaa, na wale ni watu wa kukimbia, pasingenifaa. Nikaamini. Nikaanza kutafuta mwenyewe.

Jimu ya kwanza ilikuwa ghorofani, juu ya duka la simu. Vioo kila ukuta, nikajiona nimekuwa wengi kuliko ninavyoweza kujilisha. Binti wa mapokezi hakuinua hata uso. Alinyoosha kidole kwenye kabati la mafagio, akaniambia nimechelewa, nianze na vyoo. Nilipomwambia nimekuja kufanya mazoezi alinitazama kana kwamba fagio ndilo lililosema. Wakanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Pale watu wanakimbia jasho linawatiririka na hakuna hata mmoja anayefika. Mimi nilifika: ilinirudisha nyuma mpaka karibu na ngazi. Sikurudi tena.

Ya pili ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Haikuwa na kioo wala muziki. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, yamechomekwa kwenye mabomba, na ekseli ya lori kwa wenye nguvu zao. Wote wanaume. Nilipoingia mmoja akauliza, "Shangazi, umekuja kumtafuta mumeo?"

"Mume nilimwacha huko huko nilikotoka," nikamwambia. "Hapa natafuta bega."

Walicheka mpaka ekseli ikawekwa chini. Asiyecheka alikuwa mwenye jimu, bondia wa zamani mwenye pua iliyolala upande, wanamwita Konde. Alinibonyeza bega, akaniuliza linauma hapa au hapa, akaenda akatia mchanga kidogo kwenye kopo dogo la rangi, akasimama nyuma yangu akanishika kiwiko. Mkono ukapanda. Ulipanda kiasi cha upana wa kidole, lakini ulikuwa haujapanda tangu mvua zilizopita. Nilitaka kulia.

Siku kadhaa nilikwenda, na mkono ukafika kidevuni. Kisha nikaanza kufikiri. Karakana iko wazi mpaka nyuma, kila apitaye barabarani anaona. Nikajiambia, watu watasema dada yake fulani, yule wa ofisini, ananyanyua makopo na wachomeleaji. Nilimwonea haya yeye. Nikamuaga Konde, nikasema natafuta penye wanawake. Hapo ndipo majuto yangu yanapoanzia, na kila nikiyafuata nyuma hunirudisha kwenye lile kopo la rangi.

Mama muuza nyanya wa pale kona ndiye aliyenielekeza. Akasema kuna ukumbi nyuma ya posta, asubuhi ni wanawake watupu, na mwalimu wao anajua kuwatunza wenye maumivu. Nikavaa nguo safi nikaenda.

Ukumbi ule una utaratibu wake. Wakati mmoja mwanamke alizimia pale chini ya chuma, na hakuna aliyejua anakaa wapi, ana ugonjwa gani, wala aitiwe nani. Tangu hapo mwalimu aliweka sharti kwamba hakuna anayenyanyua bila mtu wake. Mgeni akija husimama mlangoni, mwalimu anauliza nani anamjua, na anayemjua huinuka, akasema ni nani wake na anaumwa nini. Huyo ndiye atakayesimama nyuma yake wakati wa kunyanyua. Mtu hajileti mwenyewe.

Mwalimu alinieleza hayo mlangoni kwa upole, na mimi huku natazama lile duara nani atanihurumia. Nikamwona Kitinda. Amekaa katikati ya wenzake, nywele kazifunga juu. Moyo ukanichanua. Nikasema kumbe, Mungu ameshanitangulia.

"Nani anamjua mama huyu?" mwalimu akauliza.

Kitinda hakuinuka. Mwanamke aliyekaa naye bega kwa bega, mwenye taulo jekundu shingoni, akamgeukia. "We, huyu si nilimwona kwako juzi?"

"Ndiyo, namjua," Kitinda akasema. "Anatusaidia kazi za nyumbani."

Nilingoja amalizie. Mtu akisema neno la haraka hurudi akalirekebisha. Yeye aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Niliitazama ile mikono. Kufunga kamba alifundishwa na mimi, kwenye kibaraza, kwa uzi wa kufungia mizigo ya nguo. Nami nikanyamaza, maana mtoto uliyemlea humwumbui mbele ya watu; unangoja mfike nyumbani.

Mwalimu alimuuliza kama atasimama nyuma yangu. Akasema yeye tayari ana mwenzake, yule wa taulo jekundu. Mwalimu akasema basi nikae, atapatikana mwingine. Nikakaa. Siku ya pili pia nikakaa. Na mtu niliyezoea kazi siwezi kukaa nimekunja mikono. Nikaanza kukusanya magodoro, kukamua mataulo, kupanga vyuma vidogo kwenye rafu. Kufumba na kufumbua ikawa ndiyo nafasi yangu. Mtu wa kusimama nyuma yangu akasahaulika, kwa sababu anayekunja magodoro hahitaji mtu.

Nyumbani nilingoja aseme. Akazungumzia bomba linalovuja.

Kisha Taulo Jekundu akaniazima. Alisema mbele yangu, kama mtu anayeomba ngazi kwa jirani: nguo za kupiga pasi zimemlemea, je, Kitinda anaweza kumwachia huyu mama siku moja mbili? Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwepo kwa daktari. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu, kwamba huyu ni dada yangu na bega lake ni bovu. Nilimwona akiitafuta nyingine. Hakuipata.

"Mchukue tu," akasema. "Hana shida."

Nilikwenda. Nalala kwa Kitinda, nakula kwa Kitinda, na nilidhani nikimwaibisha kwa rafiki yake hatasimama tena mjini pale. Nikajidanganya kuwa pasi ya umeme ni nyepesi. Pasi nyepesi, lakini yalikuwa mapazia. Mapazia ya nyumba nzima, marefu, mazito, ya kuinua na kutandaza na kuinua tena, na mkono wa kushoto peke yake hauyawezi. Ule wa kulia ukaitikia wito kama ulivyozoea maisha yake yote. Nikiwa kwenye pazia la sebuleni, kitu kilijikaza ndani ya bega, bila kelele. Nikamalizia kazi. Kisha kwa mwingine wa duara lile, na mwingine. Mkono ambao Konde aliufikisha kidevuni ukawa haufiki hata kifuani.

Asubuhi moja tulikuwa tunakusanya magodoro, Kitinda akainama kuchukua lake karibu nami. Mwalimu akasimama akatutazama. "Lakini nyie mnafanana," akasema. "Hata kuinama mnainama sawasawa."

Kitinda akacheka. "Duniani wawili wawili, mwalimu."

Duara zima likacheka naye. Nikaliweka godoro chini palepale nilipokuwa, nikatoka.

Aliporudi alinikuta jikoni na mfuko wangu umeshafungwa, pasi juu yake.

"Kitinda, mimi ni nani wako?"

"Dada, tafadhali, usinianzie."

"Nimekuuliza."

Akakaa. Akaeleza mengi, mengine akilia. Kwamba alipohamia pale wenzake wote walikuwa watoto wa watu, akasema na yeye baba alikuwa na kampuni, mama alikuwa muuguzi mkuu. Uongo ulizaliwa mmoja, ukaanza kuita wadogo zake. "Nilishawaambia nimezaliwa peke yangu," akasema. "Sasa ningewaambia wewe umetokea wapi?"

"Nimetokea kabla yako."

Kisha akasema lile ambalo hunila mpaka leo. "Na wewe ulikuwa na mdomo, Dada. Ulikuwa umesimama pale pale. Mbona hukusema?"

Nilibeba mfuko na pasi yangu nikatoka. Jibu ninalo sasa, limechelewa. Neno lile halikuwa langu kulisema. Ningelisema mimi, lingekuwa la mwanamke wa pasi anayejipachika kwenye ukoo wa watu. Lilikuwa na uzito likitoka kwake tu. Lakini zipo asubuhi ninapoamka nikiwa nimeshalisema, kwa sauti, na mkono wangu unaenda sikioni wenyewe. Halafu nautazama, uko juu ya shuka.

Sasa nakaa chumba kimoja karibu na ile karakana. Nashona vifungo na kukunja mapindo, kazi ya kukaa, mkono umelala mapajani. Daktari amesema tusahau sikio. Tukipata kidevu tena tushukuru. Kwa Konde nilirudi, nikatarajia anicheke. Alisema tu, "Shangazi, kopo lako halijaguswa," na kweli lilikuwa pale na mchanga wake. Huwa anasimama nyuma yangu ananishika kiwiko, na wachomeleaji hunihesabia kwa utani kama nanyanyua lori. Apitaye barabarani na atazame. Pasi iko rafuni, ndani ya taulo.

Kitinda alimpa mama wa nyanya viatu vya mazoezi aniletee, laini, vipya, na vimenitosha barabara. Nimevivaa, sioni sababu ya kuvionea viatu. Lakini sikumtuma viatu.

Hanidai kitu, na chumba cha nyuma nilikilipia kwa fagio. Mimi ndiye ninayemdai. Namdai aingie kwenye ule ukumbi asubuhi moja wote wakiwepo, Taulo Jekundu akiwepo, mimi nimesimama mlangoni na mfuko wangu, mwalimu aulize nani anamjua mama huyu. Na yeye ainuke, aache kamba za viatu, aseme huyu ni dada yangu, amenilea, bega lake la kulia ni bovu, mimi ndiye nitakayesimama nyuma yake. Hilo sijalipwa, na Kitinda ndiye mdaiwa.