Uyoga wa Somoe

Mvua za kwanza zilipokilowesha kijiji chetu cha Mkunya, harufu ya majani ya mikorosho yaliyooza ilipanda hadi ndani ya nyumba, na mimi nikaanza kuumwa wivu. Msimu wa uyoga ulikuwa wa Somoe, binti wa mjomba wangu, niliyesoma naye darasa la sita. Nyuma ya shamba lao la mihogo alikijua kichuguu kimoja ambapo uyoga mpana, mnene, ulichomoza kila mwaka, na hakumwonyesha mtu.

Mwalimu wetu wa sayansi alipotuagiza uyoga, mimi nilizunguka porini nikarudi na matope. Somoe alileta ungo mzima. Mwalimu akakata kofia ya uyoga mmoja, akailaza juu ya karatasi nyeusi hadi kesho yake. Alipoiinua, tuliona mistari ya vumbi laini, rangi ya waridi iliyopauka.

"Hizi ni spora, ndizo mbegu zake," akasema. "Lakini uyoga si mmea. Hauna ukijani wa kujitengenezea chakula, hula vilivyooza. Ni jamii ya kuvu, ndugu wa hamira na wa ule ubwiri unga unaoharibu mikorosho yetu. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba zilizojificha ardhini. Huu mnaouona umetoka nje kuzaa tu."

Kisha akaamuru Somoe apigiwe makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniuma, uso nimeuinamisha.

Jumamosi nilimnyemelea mpaka nikakijua kichuguu chake. Alipoondoka, niliukanyaga uyoga wote mchanga aliouacha ukue. Ulipasuka taratibu chini ya ndala zangu, nami nikafurahi kwa namna ambayo mpaka leo inaniogopesha.

Lakini nyuzi zilikuwa chini, salama. Mvua iliponyesha tena, uyoga ukaota upya. Wakati huo mama alikuwa amejifungua, hana hamu ya chakula chochote isipokuwa uyoga, na mimi sikuwa na wa kumpa. Somoe akaja na ungo.

"Shikamoo, Shangazi. Nguruwe waliukanyaga, lakini umeota tena."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nilimsindikiza hadi njiani. "Somoe, hawakuwa nguruwe. Ni mimi."

"Najua," akasema. "Nguruwe havai ndala. Mwambie Shangazi autie karanga." Akaenda zake. Wema ule niliuonea wivu kuliko hata yale makofi.

Somoe aliishia darasa la saba. Mimi nafundisha biolojia Masasi. Nachora nyuzi na spora ubaoni, na wanafunzi wananiamini. Mvua zikianza Somoe hunipigia simu, akanitajia majirani aliowagawia. Mimi uyoga wangu nanunua sokoni. Muuzaji huniuliza kama naweza kuutambua wenye sumu. Namjibu kwamba naweza, halafu naugeuzageuza mkononi, kwa sababu kusema kweli sina hakika.