Diski Iliyoingia Laini

Bado naikumbuka ile asubuhi, mwanangu, na harufu yake haijanitoka puani. Shule niliiacha darasa la nne. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua, na nikiwa kijana tayari mji mzima wa Likasi ulikuwa ukiniita injinia. Sikukataa.

Kliniki moja iliniita. Kompyuta yao ya zamani ilitunza orodha ya watu wanaotoa damu, na diski yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Nilitakiwa kuunga diski ya pili kwenye waya uleule, ninakili majina kabla ile ya kwanza haijafa. Hiyo ya pili niliitoa kwenye mashine chakavu kutoka Kakanda. Sisi mafundi wa vyuma chakavu tulikuwa na sheria moja: kitu kikiingia kwenye tundu, hapo ni pake. Nikasukuma. Ikaingia laini.

Ubavuni ilikuwa na maandishi. Yalinishinda. Muuguzi alikuwa amesimama palepale, lakini mimi, injinia mzima, nimwombe mwanamke anisomee? Nikawasha.

Moshi. Skrini ikawa nyeusi. Na kabla sijafungua dirisha, muuguzi akaitwa wodini: mama aliyetoka kujifungua anavuja damu. Akarudi mbio.

"Injinia, majina! Haraka!"

Sikuwa na hata moja.

Nikampigia mzee Tshibangu, aliyenifundisha kazi. Akaja kwa baiskeli, akachomoa diski yangu, akaigeuza.

"Weye, ulisoma hii?"

"Iliingia, Papa."

"Hata kichwa yako inaingia mu ndoo. Utaivaa kwenda misa?"

Akanisomea maandishi ya ubavuni, akanieleza, ndipo nikajua. Tundu ni lilelile, umeme si uleule. Diski za aina ya kale na za aina mpya zinavumiliana: mpya inapunguza mwendo tu. Lakini ipo ya tatu, yenye umeme mkali, na ikikutana na hizo inaunguza; yangu ilikuwa hiyo. Hata kizibo kinachofunga mwisho wa waya lazima kiwe cha aina yake. Na aina ya diski yangu ilikuwa imeandikwa ubavuni.

Kadi ya ndani ya kompyuta, ile inayoshika waya wa diski, ilikuwa imeungua. Na diski ya majina? Mzee akaweka kadi nyingine, akafunga kizibo kinachofaa, akaniambia niwashe. Kidole kikakataa. Akawasha mwenyewe. Diski ikakwaruza, ikanyamaza... tukatazamana... ikakwaruza tena. Majina yakatoka. Dereva mmoja wa teksi akafuatwa mtaa wa Buluo, akatoa damu, na yule mama akapona.

Jioni muuguzi hakunifokea. Aliuliza tu: "Injinia, juu ya nini hukuniuliza? Nilikuwa hapa."

Heri angenipiga.

Mwanangu, wewe umesoma kunishinda, lakini aibu ya kuuliza haichagui mwenye diploma. Kitu kikiingia, usiwashe bado. Soma ubavuni. Usipoelewa, sema sielewi, hata mbele ya watu wanaokuita injinia. Mungu akupe mkono mtulivu, na kinywa kisichoona haya kuuliza, na asikuonyeshe kamwe moshi kama ule wangu.