Daftari la Mzee wa Stesheni

Sista alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka thelathini na mmoja, na kitu kimoja hakukivumilia: chati tupu. Wodini kwao walikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini, kwa hiyo walikuwa na mtindo wao. Zamu ikianza tu, unajaza chati ya siku nzima. Saa nne kageuzwa, saa sita kapewa dawa, saa nane kageuzwa tena. Ukishaandika ndipo unaanza kukimbia. Kazi itafanyika tu, walisema, na kweli ilifanyika, mara nyingi.

Alipostaafu hakutaka kukaa akihesabu mbao za dari. Akaanzisha huduma ya kutunza wagonjwa majumbani mwao, na ofisi ikawa meza ya chakula sebuleni kwake. Rafiki yake, karani wa bima, alimshauri asajili kampuni, akate bima ya kazi, aandikishane mkataba na kila familia. Biashara ikiwa kwa jina lako mwenyewe, alimwambia, mambo yakiharibika nyumba yako ndiyo itakayojibu.

"Mimi naosha watu migongo, shoga yangu, siendeshi meli," Sista akamjibu, akacheka mpaka akashika mbavu. Haya, kacheka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee wa Stesheni, mstaafu wa reli aliyepooza upande wa kushoto, akiishi kwa bintiye, Mama Mapacha. Sista alimpeleka Kidoti, mtoto wa dada yake, binti mwenye doa shavuni na huruma kupita kiasi. Alimfundisha kila kitu mwenyewe: kumgeuza mzee asipate vidonda, kumshika akienda chooni, kutomwacha peke yake. Na daftari.

"Jaza asubuhi, mwanangu. Usije ukasahau ukatuchafulia jina."

"Sawa, mama mdogo."

Miezi ikapita, Kidoti akawa mtu wa nyumba ile. Na binadamu tulivyo: leo nianulie nguo, kesho nichemshie maziwa ya watoto. Jumatano moja, saa nane kasoro, Mama Mapacha akapiga simu kutoka kazini. Jirani anayewafuata mapacha shuleni ana udhuru, tafadhali wachukue wewe, ni hapo tu. Kidoti akamwomba mzee asiinuke, akatoka mbio. Aliporudi na watoto, dakika ishirini na tano baadaye, mzee alikuwa sakafuni bafuni, nyonga imevunjika.

Barua ilifika wiki ya tatu. Mama Mapacha alikuwa anadai fidia kwa uzembe, na nyuma ya barua palibanwa nakala ya ukurasa mmoja wa daftari. Saa nane, kwa mwandiko mzuri wa Kidoti: mgonjwa amegeuzwa, amekunywa maji, anapumzika. Chini yake sahihi. Sista aliusoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti.

Wakili aliyemwendea alikuwa mama wa makamo asiyepoteza maneno.

"Saa nane binti alikuwa wapi?"

"Shuleni. Katumwa na mwenye nyumba mwenyewe."

"Mwenye nyumba anakana. Anasema alipiga simu kumjulia hali baba yake. Jirani je?"

"Anasema hataki kesi."

"Basi limebaki daftari. Kama binti alikuwepo, alimwacha mzee akaanguka. Kama hakuwepo, daftari lenu ni la uongo, na hakuna atakayeamini hata ukurasa mmoja. Nani alimfundisha kuandika kabla ya kufanya?"

"Mimi," Sista akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mna mkataba?"

"Tulielewana kwa mdomo."

"Bima?"

Sista akatazama mikono yake. Aliiwaza nyumba yake, ile aliyoipandisha tofali kwa tofali kwa zamu za usiku, na akaona haya kuiwaza wakati mzee wa watu kalazwa.

"Aliyebaki ni mzee mwenyewe," wakili akasema. "Akili yake ni timamu. Akisema binti aliitwa akatoka, tuna pa kushika."

Wakaenda hospitalini kumsikiliza, mawakili wa pande zote mbili na Sista, wamejibana kuzunguka kitanda. Mama Mapacha alisimama mlangoni, hakumtazama mtu. Mzee aliulizwa polepole: siku ile, kabla hujaanguka, mtunzaji wako alitoka nyumbani?

Mzee akamtazama Sista, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayetangaza treni.

"Yule binti hakutoka hata hatua moja. Alikuwepo muda wote."

Wakili wa Sista akamuuliza tena, mara mbili. Mzee akakaza uzi uleule, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya maelezo yake. Wote wakatoka, Sista akabaki.

Mzee akamvuta mkono kwa ule wake mzima. "Nimemwokoa mtoto wako," akanong'ona, uso umemnawiri. "Ningesema katoka, si angemwaga unga? Mtoto mzuri vile."

Mzee alikuwa akimsubiri, anatabasamu.

"Asante, mzee wangu," akasema.

Kisha akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa nane. Akampangia mto, akamgeuza taratibu kwa ubavu usioumia, akampa maji. Siku hiyo hakuna aliyeandika.