Sista Drosila Kharmalki na Tambuu ya Tatu

Alizaliwa mwezi Agosti mwaka 1938 katika kijiji cha Umsohlait, upande wa kusini wa milima yetu ya Khasi, mvua ikiwa imeanza tangu Mei na haina dalili ya kukatika. Siku yenyewe haijulikani. Kitabu cha ubatizo kinasema tarehe tano, mama yake mdogo aliapa kuwa ni kumi na tisa, na mwenyewe alipoulizwa uzeeni alijibu kwamba hakumbuki, maana alikuwa mdogo sana wakati huo. Naanza na jambo hili ili msomaji mwaminifu ajue mapema kwamba kila nilipofukua habari za mtumishi huyu wa Mungu nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Waliomfahamu wananiambia nisihofu, kwani hata wao walikuwa hivyo hivyo.

Mama yake alifariki Drosila akiwa bado ananyonya, naye akalelewa na mdogo wa mwisho wa mama yake, kama ilivyo desturi. Kwetu binti wa mwisho ndiye mwenye nyumba, na yeyote wa tumbo lile aliyefiwa, aliyeachika au aliyepotea hurudi kwenye meko yake. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba hupendwa, huheshimiwa, hulishwa vizuri, lakini ni mtu wa ukoo mwingine. Drosila aliyajua haya tangu utoto bila kufundishwa na mtu, kama alivyojua njia ya kwenda kisimani.

Mwaka 1956 alifuatana na binamu yake Binola, aliyekuwa na wito, hadi kwa masista wa Mama wa Rehema mjini Shillong. Drosila hakuwa na wito wowote. Alikuwa amebeba mzigo wa Binola katika tenga la mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Walipofika, Binola alipelekwa jikoni kunywa chai, na Mama Mkuu, mgeni wa kutoka Ulaya ambaye bado sura zetu zote kwake zilikuwa moja, akamkaribisha yule aliyekuta mlangoni. Drosila alipewa aproni, akadhani ameajiriwa, akashukuru. Binola aliona vile vitanda vyembamba vilivyopangwa safu, na kesho yake asubuhi akarudi zake kijijini. Baada ya majuma kadhaa Drosila aliuliza habari ya mshahara.

"Mshahara gani, mwanangu?" alishangaa Mama Mkuu. "Si wewe uliyekuja kuwa mtawa?"

"Mimi? Mimi nilileta mzigo."

Mama Mkuu alitaka kumrudisha kwao siku ileile. Drosila akasema maneno ambayo shirika lake linayakumbuka hadi leo: "Ngojeni kwanza. Nitakaa kidogo nione." Alikaa mpaka alipokufa.

Alipewa kazi katika Makao ya Watoto ya shirika, kuosha, kulisha na kubembeleza. Aliwapenda watoto waziwazi, tena bila mpango. Mwaka 1975 wakubwa wake walimpeleka Kalkuta kusomea ustawi wa watoto, akarudi na cheti pamoja na kitabu kinene, na akaagizwa kuwafundisha wanawake watakaofanya kazi hiyo milimani: walezi wa makao na wale watakaozunguka vijijini kuwarudisha watoto kwa jamaa zao. Alifundisha kitabu kama kilivyo. Humo, jamaa wa mtoto walianza na baba: jina la baba, nyumba ya baba, mama wa baba. Ndugu wa mama waliwekwa mwishoni kabisa, pamoja na wengineo.

Hapa ndipo akili yangu inapogoma. Darasani walikaa wanawake wa Kikhasi tu, kila mmoja akiishi katika nyumba ya mama yake na kubeba jina la ukoo wa mama yake, na wote walimwandika baba mstari wa kwanza bila hata mmoja kukohoa. Mwalimu wao naye hakukohoa. Nilimwuliza Kong Melbarin, yaani Dada Melbarin, mmoja wa wanafunzi wale wa mwanzo, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, iliwezekanaje.

"Padre, tulidhani kitabu ni cha kazini na ukoo ni wa nyumbani," alinijibu. "Kwani viatu vya kazini unaingia navyo jikoni?"

Jaribu lake kubwa lilimjia mwaka 1978. Mtoto wa miaka sita, Phidalia Khongsit, aliokotwa katika soko la Iewduh, chini ya meza ya muuza viazi, akiwa ameshika kiatu kimoja kipya. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uleule. Baba yake, Bah Storgin Wahlang, yaani Kaka Storgin, mvunja mawe, alikuwa amemleta mjini kumnunulia viatu, akagongwa na mkokoteni uliojaa magunia na kukimbizwa hospitali, na mtoto akabaki peke yake. Alipelekwa kwenye Makao yetu. Storgin alipopata nafuu alikuja akichechemea na kulia, na Melbarin, kwa kufuata alivyofundishwa, akamkabidhi bintiye. Storgin hakurudi katika nyumba ya marehemu mkewe, ambako sasa hakuwa na lake. Alimchukua mtoto akaenda naye kijiji kingine, kwa mama yake mzazi.

Haikuchukua muda wakafika Kong Krismina Khongsit, mdogo wa mwisho wa marehemu, pamoja na kaka yake, mjomba wa mtoto. Walikuwa wameloa chapachapa.

"Mtoto wetu yuko wapi?" aliuliza mjomba.

"Amekwisha kwenda, Bah. Tumempa baba yake," alisema Melbarin.

"Mmempa mgeni?"

"Mgeni tena! Ni baba yake mzazi!"

"Ndicho ninachosema. Baba yake. Wewe dada, baba yako ni wa ukoo wako?"

Melbarin alianza kufunua kurasa za kitabu. Krismina akadakia kwa hasira, "Huyu ataweza kujibu nini? Mwache aulize kitabu chake!"

Sista Drosila alikuwa mlangoni na alisikia yote. Wanasema alikaa chini palepale sakafuni. "Hata baba yangu mimi si wa ukoo wangu," alisema polepole. "Sasa miaka yote hii nimekuwa nikifundisha nini?"

Alifunga safari siku ya pili kwenda kwa Storgin. Mama wa Storgin alimpa tambuu ya kutafuna, popoo na chokaa katika jani, kama apewavyo mgeni yeyote kabla ya neno lolote. Sista alikuwa ameandaa maswali yake njiani, lakini alipokaa yote yalimpotea, kwa kuwa hakujua tena lipi ni la kitabu na lipi ni lake. Basi akatafuna popoo lake na kunyamaza. Katika tambuu ya kwanza watu wa nyumba ile walikuwa na adabu za wageni. Katika ya pili walimsifu mtoto kupita kiasi. Ilipofika ya tatu walikwisha kumsahau, kila mtu akashika shughuli zake, na hapo ndipo alipoiona nyumba. Bibi aliwapakulia wali watoto wa binti zake kwanza, kisha akasema bila ubaya wowote, "Na huyu mtoto wa watu naye mpeni." Storgin alikuwa akimchana mtoto nywele kwa vidole vyake vilivyokakamaa kwa mawe, tena vibaya mno, na mtoto alikuwa amefumba macho.

"Najua hapa hana ukoo, Sista," alisema Storgin. "Lakini ana mimi."

Sista akaenda kwa Krismina, akatafuna tatu nyingine. Aliona meko ambayo marehemu mwenyewe alikuwa akipikia, na watoto wa ndugu wamelala rundo moja kama vifaranga. Krismina alimwambia, akifuta machozi kwa ukali: "Mimi nikifa leo, Phidalia bado ana nyumba. Storgin akifa, ana nini?"

Sista alirudi Shillong hajui la kufanya. Alifunga, alisali, alishindwa kula. Kamati ya Makao ilimwita atoe uamuzi, naye akasema mbele yao, "Sijui." Mwenyekiti, mtu mwema, alisihi: "Lakini Sista, tulikusomesha ili ujue!" Mwishowe alisema mtoto arudi kwa mama yake mdogo, na baba awe na ruhusa ya kumtembelea atakavyo. Storgin hakubishana. Alimbeba bintiye mgongoni mpaka mlangoni kwa Krismina, akamshusha, na kila Jumapili akawa anakuja na machungwa. Mwaka 1980 mwamba ulimwangukia machimboni, akafa. Watu wote wakasema Sista alionyeshwa na Roho Mtakatifu. Yeye alisikika akisema kwamba kama alionyeshwa, basi hakuona.

Tangu hapo alifundisha kwa namna yake. Kitabu alikiacha mezani, lakini kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba mfanyakazi hataruhusiwa kuuliza swali lolote katika nyumba ya watu mpaka tambuu ya tatu iishe mdomoni. Mamia walipita mikononi mwake, kutoka Nongstoin hadi Jowai, na wote wananisimulia mafunzo yale wakishika vichwa. Mtu alileta shauri la mtoto darasani, Sista akamwuliza maswali mpaka mwenye shauri akasahau alikuwa upande gani. Mtihani wake ulikuwa na swali moja: mtoto huyu ni wa nani? Hakuna aliyewahi kupata alama zote, wala aliyeambiwa amekosa wapi. Mkaguzi wa serikali aliyehudhuria siku moja aliandika kwamba hakuelewa somo, na akaomba kurudi wiki inayofuata.

Muujiza unaotajwa zaidi ni wa mwaka 1991. Mwanafunzi wake mmoja, huko karibu na Pynursla, alitaka kuondoka mapema ili awahi basi. Akakumbuka kanuni, akaketi tena kwa tambuu ya tatu, na wakati huo kilima kikaporomoka na kuifunika barabara ambayo angekuwa akipita. Mwenyewe anaapa hivyo. Mwenye nyumba anaapa kwamba ilikuwa tambuu ya pili, na kwamba mgeni alikawia kwa sababu alikuwa akisubiri nguo zake zikauke. Nimewasikiliza wote wawili, wote ni wacha Mungu, na nimeshindwa kuchagua.

Mwaka 2004, akiwa tayari amepewa nishani na magoti yamemchoka, Sista Drosila alikwenda kumtembelea Phidalia, aliyekuwa sasa na watoto wake mwenyewe. Kong Melbarin alifuatana naye kumshika mkono, na haya ninayoandika ameyasema kwa kiapo. Phidalia aliwapokea vizuri, akawapa chai na maandazi ya unga wa mchele, na tambuu. Walitafuna kimya mpaka ya tatu. Ndipo Sista akamwuliza, akitabasamu, kama aliishi vizuri katika nyumba ile.

"Niliishi vizuri, Sista. Mama mdogo hakunibagua hata siku moja."

"Namshukuru Mungu."

"Ila nikuulize na mimi. Siku zile ulipokuja kwa bibi, ulikaa ukatafuna na bibi, ukatafuna na baba. Huku ukatafuna na mama mdogo, na mjomba. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kando ya meko. Nilikuwa nasubiri zamu yangu."

Sista akauliza, kwa sauti ambayo Melbarin anasema hakuwahi kuisikia, "Ungesema nini, mwanangu?"

"Sijui tena," alisema Phidalia. "Siku ile nilikuwa najua."

Melbarin, kwa kumwonea huruma mwalimu wake, aliingilia kati na kusema kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kuachiwa jambo zito kama lile, na kwamba Storgin angekufa vilevile. Sista alimkataza kwa mkono. Alimshika Phidalia miguu, mbele ya watoto wake, akasema, "Nilikupita." Jumatatu iliyofuata aliingia darasani, akawaambia wanafunzi kwamba kanuni yake ilikuwa na tundu tangu mwanzo, kwa sababu mtoto hatafuni tambuu. Wengi walidhani umri umeanza kumchezea akili. Aliwatoa nje, akawapa kila mmoja mtoto wa Makao, na akaamuru wakae naye wasiseme kitu mpaka mtoto mwenyewe aanze. Jioni walirudi wamechanganyikiwa vibaya, wengine wanalia.

Alifariki tarehe 11 Februari 2007, kwa homa ya mapafu, akiwa na watoto wawili wa Makao kitandani kwake ambao hakuna aliyejua waliingiaje. Leo hakuna mlezi anayepewa cheti katika milima yetu kabla ya kukaa na mtoto kwa namna ile, na wapo watoto ambao wamerudi pale walipotaka wenyewe, na wapo ambao hawakuweza kurudi lakini walisikilizwa kwanza.

Sisi tuliokusanya ushahidi juu ya utakatifu wake tulibishana sana kuhusu Phidalia. Baadhi walisema habari yake itawatia waamini mashaka, iachwe. Nami, nakiri, nilikuwa njiapanda. Nikaenda kumwuliza mwenyewe kama anaona Sista anastahili kuitwa mtakatifu. Alisema anamwomba kila siku, hasa watoto wanapougua. Nikamweleza basi kwamba tunafikiria kulifunika lile jambo, kwa heshima ya marehemu.

"Mwandikeni mtakatifu, Padre, mimi sina neno," alisema. "Lakini mkiliacha hilo, mtakuwa mmenipita mara ya pili."

Limeandikwa. Anayetaka kumwiga Sista Drosila amwige hasa katika siku ile, alipoambiwa kosa lake na yule aliyedhani amemwokoa, naye hakujitetea hata kwa neno moja.