Chupa ya Chokaa Juu ya Tangi

Nilimwambia mama ni dawa kwa uvivu tu wa kueleza. Alikuwa amekuja kwangu Kileleshwa kutoka Kakamega kutibiwa macho, na kila asubuhi aliuliza ile chupa inayodondoka juu ya tangi la samaki ina nini. Ilikuwa na maji ya chokaa, ambayo matumbawe hujengea mifupa. Unga wa chokaa, ambao huunguza viumbe ukiwafikia, hutuama chini ya chupa, na maji maangavu ya juu hushuka kwa mrija, tone moja moja. Wenye nafasi huweka tangi la pili chini, chokaa ichanganyike humo kwanza. Mimi nilikuwa na moja tu, kwa hivyo kila tone liliangukia viumbe wenyewe.

"Ni dawa ya samaki, mama," nilisema, nikaenda zangu kazini Westlands.

Mchana mrija ukaziba. Mama, aliyelea watoto saba kwa dawa za chupa, akafanya kama alivyotufanyia sisi sote. Akatikisa vizuri, akafungua kifuniko, akamimina.

Niliporudi, tangi lilikuwa jeupe kama maziwa, na samaki wangu wawili wanaelea tumbo juu.

"Nimewapa yote, hawakusumbua," alisema, uso wake ukielekea kando kidogo ya tangi.

Nilikasirika, lakini wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Nikamwambia asante.

Macho yake hayakupona. Kila akipiga simu kutoka Kakamega huuliza kama samaki wanaendelea vizuri, nami hujibu ndiyo, nikitazama kioo kikavu cha tangi.