Nilimficha Mdogo Wangu Mauti ya Mama Ili Amalize Mwaka wa Baiskeli

Nimekosa. Naliweka neno hili mbele kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini nimelidai kutoka kwa watoto wa watu, nikiwasimamisha mbele ya darasa mpaka walitamke kwa sauti. Sasa zamu ni yangu, wala sina wa kunisimamisha isipokuwa wewe unayesoma.

Mimi ni mwalimu hapa Gitega, mtu wa makamo. Nilikulia ukimbizini Tanzania, nikarudi nchini na Kiswahili changu, vitabu vyangu, na tabia ya kumsahihisha kila mtu. Kanisani nilipewa nafasi ya kuwaasa vijana. Niliwaasa juu ya uongo, juu ya uvivu, juu ya ahadi zisizotimizwa. Juu ya kiburi sikuwaasa hata mara moja. Ajabu iliyoje!

Mdogo wangu nitamwita Zakaria, ingawa hilo si jina lake. Kwa miaka mingi alibeba ndizi kwa baiskeli, mikungu imefungwa nyuma na kando mpaka ukimtazama kwa mbali unaona mgomba unaojiendesha. Aliteremka vilima vya Bugendana kwa mwendo ambao mama yetu alikataa kuutazama. Zakaria alikuwa na miguu. Mimi nilikuwa na kalamu. Ndiyo maana wazo likawa langu na jasho likawa lake.

Wazo lilikuwa hili: aendeshe baiskeli mwaka mzima, kila siku, avunje rekodi ya umbali wa mwaka iliyowekwa na mtu mwingine wa ukanda wetu. Leo kutoka Gitega hadi Muyinga, kesho kutoka Muyinga hadi Gitega, keshokutwa tena. Nilitaka vijana waone nidhamu ina sura gani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka jambo moja kubwa liandikwe duniani kwa mwandiko wangu.

Umbali wa kila siku uliandikwa daftarini, na huku Gitega nilitia saini mimi. Muyinga alitia saini Papa Bahati, Mkongomani wa Kivu ya Kusini auzaye vitenge sokoni, ambaye pia alimpa Zakaria godoro nyuma ya duka lake. Simu ya Zakaria niliifungia katika droo yangu tangu wiki ya kwanza.

"Simu huiba miguu," nilimwambia.

Alicheka, akanipa. "Chukua, Kaka. Hata hivyo anayenipigia ni mama, na yeye anataka tu kujua kama nimekula."

Mwaka ukaenda. Waendesha baiskeli za abiria walimpa jina la Kilometa. Kila alipopita kituo chao walimzomea: "Kilometa, unamkimbia nani? Umemwacha mke wa mtu?" Naye aliwajibu bila kupunguza mwendo: "Nazikimbia hotuba za kaka yangu! Nikisimama tu ananipata!" Nami nilikuwa nacheka pamoja nao. Naam, kuna wakati nilikuwa mtu wa kucheka.

Wewe uliyepita barabara zetu umewaona wabeba ndizi wanavyopanda milima: hushika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, lori likawavuta mpaka kileleni. Ni hatari, lakini ndiyo desturi ya kazi. Nilimkataza kabisa. Mwezi wa nne alirudi amelowa, akasimama mlangoni kabla hata ya kuvua viatu.

"Kaka, leo nilishika lori. Mlima mmoja tu. Mvua ilinizidi nguvu."

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Nilifuta umbali wa siku ile nzima kwa kalamu nyekundu, kisha nikamkalisha nikamsomea somo la uaminifu mpaka chakula kikapoa. Alisikiliza yote, ameinamisha kichwa. Aliyekuwa mwaminifu chumbani mle alikuwa mmoja, wala hakuwa mimi.

Zilipobaki siku kumi na sita, mama aliugua. Ilikuwa Jumamosi. Dada yetu alinipigia kutoka Itaba: homa, kifua, hawezi kumeza. Nilikwenda Jumapili pamoja na mke wangu. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee, waiteni watoto wote." Sikuelewa vibaya. Nataka ujue hivyo. Sitajificha nyuma ya tumaini, kwa maana sikuwa nalo.

Mama alifumbua macho akaniuliza, "Zakaria yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mama."

Alinitazama. "Hiyo njia gani isiyofika?"

Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, maana ndiyo niliyoikimbia. Mauti yakiingia nyumbani, jembe hulazwa. Watoto wa marehemu hukaa chini. Hawalimi, hawasafiri, hawafanyi kazi ya mikono, mpaka ifike siku tunayoiita ya kupita majini, ambapo ukoo hunawa pamoja, hunywa pamoja, na kuruhusiwa kurudi kazini. Hiyo ni kama wiki nzima. Mwaka ukizunguka huja siku ya pili, ya kuondoa kilio kabisa. Zakaria alikuwa na akiba ya siku mbili tu ambazo angeweza kutoendesha. Wiki ya kilio ingeimeza rekodi yote.

Jumatatu jioni nilirudi Gitega peke yangu kutia saini. Zakaria aliingia amechoka, akaegemeza baiskeli ukutani, akajitupa kwenye kiti.

"Leo mlima umenitukana mpaka nikacheka," alisema. "Shemeji yuko wapi?"

"Ameenda kuvuna maharage kwao."

"Na mama hajambo?"

Kutoka kiti kile hadi kitanda cha mama ilikuwa safari ya pikipiki ya muda mfupi. Angefika kabla maji ya kuoga hayajapoa. Mama alikuwa hai, anasikia, anaulizia.

"Hajambo," nilisema. "Anakusalimu."

"Mwambie nikimaliza nitakaa kwake mwezi mzima, mpaka anifukuze!"

Nikatia saini. Nimeutazama ukurasa ule mara nyingi tangu hapo, nikitafuta dalili yoyote ya uongo ule katika mwandiko. Hakuna.

Jumanne alfajiri alikwenda Muyinga, nami nikarudi Itaba. Jumatano kabla ya alfajiri mama alifariki.

Kabla sijamfumba mama macho sawasawa, nilitoka nje nikampigia Papa Bahati. Nilimwambia kilichotokea, kisha nikamwomba Zakaria asirudi Gitega; azunguke huko huko, Muyinga hadi Kobero mpakani na kurudi, mpaka siku ziishe. Aambiwe kwamba mvua imekata barabara upande wetu.

Akasema, "Mwalimu, iyi kitu unaniomba ni mubaya sana."

"Ni siku kumi na mbili tu."

"We unajua mi nilizika mama yangu kwa telefone? Ye alikuwa kule Uvira, mi niko huku. Vita ilinikataza. Iyo kitu inakulaka mutu, Mwalimu. We hakuna vita. Ni we ndiye unakataza."

"Papa Bahati, mwaka mzima wa jasho lake utapotea!"

"Basi mumuulize ye mwenyewe kama anataka upotee." Kisha akaongeza: "Mi sitasema uongo. Nitanyamaza tu. Na Mungu aniuliziye kwa kunyamaza."

Nilimshukuru kwa lugha nzuri, na habari ya barabara nikamwambia Zakaria mimi mwenyewe kwa simu ile ile. Nina lugha nzuri sana.

Tulizika Ijumaa. Watu walipouliza alipo mtoto wa mwisho, nilisema hapatikani kwa simu. Haukuwa uongo kwa maneno: simu yake ilikuwa kwenye droo yangu, imezimwa. Dada yangu alinitazama kwa namna ambayo naijua tangu utotoni. Nilisoma masomo ya mazishi kwa sauti thabiti. Wengine walikuja kunishika mkono na kunisifu kwa uimara. Sikulia. Nilijiambia nitalia rekodi ikivunjwa.

Siku ya kupita majini ilifika, tukanawa. Nafasi ya Zakaria kwenye mstari ilikuwa wazi, na hakuna aliyeijaza. Nilisogea hatua moja ili isionekane.

Siku ya pili yake, Jumamosi, zikiwa zimebaki siku mbili, Zakaria alikuwa sokoni Muyinga akinunua mkate. Mama mmoja wa Itaba aliyepeleka maharage huko alimtambua, akaacha mizani, akamshika mikono yote miwili. Haya alinisimulia Papa Bahati, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

"Pole sana mwanangu. Pole kwa mama. Mbona hatukukuona kuzika?"

Zakaria alidhani amemfananisha. Alimtajia jina la baba yetu na jina la kilima chetu, akitumaini mama yule atasema samahani, si huyo. Mama yule akaanza kulia badala yake.

Zakaria alimgeukia Papa Bahati. "Papa, ulijua?"

"Nilijua. Kaka yako alinikataza. Nami nikakubali kukatazwa, kwa hiyo unitukane na mi."

Hakumtukana. Aliomba maji, akanywa, akaegemeza baiskeli kwenye mlango wa duka. Alihitaji siku moja na nusu tu kuvunja rekodi. Papa Bahati alimtafutia kiti katika basi la Gitega, naye akakataa. Akaanza kutembea kwa miguu.

Alitembea Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Siku ya mwisho ya mwaka wetu wa baiskeli aliimaliza akiwa anatembea kando ya barabara, na malori yakimpita. Papa Bahati alikuwa amenipigia kunieleza, hivyo nilikwenda Itaba kumngoja. Nilitayarisha maneno. Nilikuwa na aya tatu.

Alifika Jumanne asubuhi, viatu mkononi. Hakunisalimu.

"Alifariki siku gani?"

"Jumatano."

"Aliugua siku ngapi?"

"Tangu Jumamosi."

Nilimwona akihesabu kwa vidole kurudi nyuma, siku moja baada ya nyingine, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole kikasimama.

"Jumatatu nililala kwako."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Ningemshukuru! Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi, ikiwa sasa ina wapangaji wengine. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa kaburi ambao ulikuwa bado haujashuka, akakaa. Dada akampelekea chakula. Mimi nilibaki uani na aya zangu tatu.

Alikaa pale siku nane, peke yake, bila jembe na bila neno. Lakini kilio cha mtu mmoja, kwetu, si kilio. Hakukuwa na ukoo wa kunawa naye, tulikwisha nawa.

Siku hizi yuko Muyinga, anamsaidia Papa Bahati kupakua marobota ya vitenge. Mtu aliyefichwa na mtu aliyenyamaza wamesameheana. Nimewaona wakila sahani moja. Baiskeli waliiuza. Mimi niliomba kuondolewa katika kuwaasa vijana kanisani. Hakuna aliyeuliza sababu, kwani habari ilikuwa imeshapanda vilima vyote.

Mwaka ulipozunguka tuliitana Itaba kuondoa kilio. Alikuja. Moyo wangu, ambao nilidhani umeganda moja kwa moja, uligonga. Wazee wakawasimamisha watoto wa marehemu, chungu cha pombe kikawekwa katikati pamoja na mirija. Zakaria alipokea mrija wake, akauinamisha, kisha akaulaza ukingoni mwa chungu bila kunywa.

"Ninyi mlikaa kilio, kiondoeni," alisema kwa upole. "Mimi sikukaa. Sina cha kuondoa."

Akawaaga wazee mmoja mmoja, akaondoka. Kisha wakanigeukia mimi, mzaliwa wa kwanza, nitamke neno la kuwarudishia watu furaha yao. Nikalitamka. Watu wakanywa, ngoma ikapigwa, watoto wakacheza. Neno lile liliwafaa wote waliokuwapo. Kwangu lilipita kama maji juu ya jiwe.

Ndugu msomaji, usidhani naandika haya huku nalia. Laiti ningeweza! Machozi niliyoyaahirisha hayakunisubiri. Naandika kama anayejaza fomu.

Ole wako unayeshika habari ya mtu mwingine kwa kisingizio cha kumlinda, au kulinda kazi yake, mtihani wake, safari yake! Habari ya mzazi mgonjwa ni mali ya mwanawe. Si wewe wa kupima kama ana nafasi ya kuipokea. Akichagua kuendelea na shughuli yake, atakuwa amechagua yeye, naye ataweza kuishi na uchaguzi wake. Ukimchagulia, umemwibia siku ambazo hata Mungu hazirudishi. Na usijitetee kwamba ulikuwa na lengo jema. Mimi nilikuwa nalo, nililiandika vizuri, na halikuzuia chochote.

Kama hivi sasa yuko mtu anayekuuliza habari za nyumbani, nawe unamjibu kwamba wote hawajambo huku ukijua si kweli, usimalize kunisoma kwanza. Weka karatasi hii chini. Mpigie sasa, angali na mtu wa kumwona.