Ng'ambo Haiandikiki

Nassra Machano alizaliwa Ng'ambo, akasomeshwa kompyuta kwa pesa za cherehani ya mama yake. Zahanati moja ya binafsi Mji Mkongwe ilimwajiri kutunza programu ya kuandikisha wagonjwa, iliyotungwa kwa PHP, lugha ya kompyuta, na mkuu wake, Wakil.

Asubuhi moja alimkuta Bi Mwatima, jirani yao, kakaa barazani mwa zahanati, mguu umevimba.

"Shikamoo, bibi. Mbona uko nje?"

"Marahaba, mwanangu. Nnaambiwa kompyuta hainitaki. Leo mara ya tatu."

Nassra akamshika mkono, akamwandika kwa kalamu, akamwingiza kwa daktari. Kisha akakaa mapokezi ajaribu mwenyewe. Jina likapita, umri ukapita. Alipoandika mtaa wa Bi Mwatima, Ng'ambo, programu ikakwama.

Akaufungua msimbo, maandishi yenyewe ya programu. Wakil alikuwa akiyachomeka maneno ya mgonjwa ndani ya amri yenyewe inayokwenda kwenye hifadhidata, na ile alama ya ng' ndiyo hiyohiyo inayofunga maneno katika amri. Kompyuta ilidhani jina limekwisha kwenye "Ng", na "ambo" iliyobaki haikuijua ni kitu gani.

Akaenda kwa Wakil bila ya kubisha hodi.

"Nshakwambia mara mbili! Amri itayarishwe mwanzo, pahala pa jina pawekwe alama ya kuuliza, jina lije baadaye peke yake. Hapo litabaki jina tu."

Wakil hakuinua uso. "Waambie waandike Ngambo, bila ya hiyo alama. Kwani kitaharibika nini?"

"Kitaharibika nini? Bi Mwatima mguu kama gogo! Na mtu mbaya akiandika amri pahala pa jina, akafuta mafaili yote, naye utamwambia aandike vyengine?"

"Usinipigie kelele. Programu hii nimeiandika mimi."

"Ndiyo maana nnapiga kelele!"

Akarudi kwenye meza yake. Amri arubaini na moja alizivunja akaziandika upya, moja moja, hata chai hakunywa. Alasiri mapokezi wakaandika Ng'ambo, ikapita.

Kesho yake kikaoni Wakil akamwambia mkurugenzi, "Tatizo dogo, tushalirekebisha."

Nassra akasimama. "Dogo? Wagonjwa wangapi wamerudishwa majumbani?"

Hakuna aliyejua. Waliorudishwa hawakuandikwa popote.